Sifa ya Siku ya Tisa

Jumatatu asubuhi Evodia alitaka kutwanga mlenda mkavu. Kinu alikikuta pale pale pembeni mwa jiko la nje, kimepinduliwa kifudifudi kuku wasiingie, kama alivyokiacha mwenyewe. Mchi haukuwepo.

Mchi si kitu cha kupotea. Na huu wa kwake ulijulikana nyumba zote za jirani: mti mgumu, mwekundu kwa ndani, marehemu mumewe aliuchonga mwaka aliokwenda Rungwa kwenye mizinga ya nyuki, akarudi nao begani pamoja na debe la asali. Katikati, mahali pa kushika, ulikuwa umelika kwa viganja mpaka ukawa mwembamba kama kiuno cha nyigu. Evodia alitafuta nyuma ya mtungi, akatafuta kwenye banda la kuku, akafunua turubai la alizeti. Mwisho alikwenda kwenye lundo la mabua nyuma ya zizi, kwa sababu aliona mahali pamoja yamekaa vibaya, kama yamefunuliwa yakarudishwa kwa haraka. Akaingiza mkono mpaka begani, akavuta furushi.

Kanga iliyofunga furushi ilikuwa ya Rahabu, mke wa mwanawe Amosi; ile ya kijani aliyopewa siku aliyojifungua. Ndani mlikuwa na mchi, panga, mundu na kisu cha mboga, vimelazwa upande mmoja kama watoto kitandani.

Evodia alihisi damu inapanda. Mama mkwe wake, aliyemfundisha kila kitu cha nyumba ile, alimwambia zamani kwamba mke wa mtoto akificha mchi wa mama wa nyumba, basi anaomba mama wa nyumba afe njaa ili yeye arithi jiko. Evodia alilishika neno hilo miaka yote bila kuliona likitokea. Sasa lilikuwa mikononi mwake, limefungwa kanga.

Alilibeba furushi mpaka mbele ya nyumba. Rahabu alikuwa amekaa kwenye mkeka, anamnyonyesha Isaka, mtoto wa miezi minne aliyepewa jina la marehemu babu yake. Kwa ajili ya jina hilo Evodia alimwita mtoto "mume wangu", na kila asubuhi humsalimia, "Mume wangu, umeamkaje, mbona hujaniletea nyama?" Leo hakumsalimia.

"Rahabu, hiki nini?"

Rahabu alitazama mchi, halafu akatazama pembeni upesi, akamfunika mtoto uso kwa kiganja.

"Nilivihifadhi, mama."

"Ulivihifadhi. Kwenye mabua. Uliogopa vitanyeshewa, mwezi wa saba huu?"

Ng'ambo ya ua wa minyaa, jirani yao Redempta aliacha kufagia. "Mama Amosi, kumekucha na vita?"

"Njoo uone, Redempta! Njoo uone mchi wangu ulikolazwa!"

Redempta akaja, ufagio mkononi. Wakaja na wengine wawili waliokuwa wanapita kwenda mashine ya kukamulia alizeti. Evodia akafungua kanga mbele yao, akavitoa vitu kimoja kimoja. Aliwaeleza habari ya mchi na mama wa nyumba, kwa sauti ya juu, na alipoona Rahabu hajibu, akaongeza lile neno lake ambalo kijiji kizima cha Misigiri kinalijua:

"Mimi nilipojifungua huyu Amosi, siku ya tisa nilikuwa kisimani. Siku ya tisa! Ndoo kichwani. Huyu mkwe wangu, mtoto ana miezi minne, halali, hatwangi, hapiki, chumba hakifagii mpaka nimwite. Kumbe anafanya kazi. Kazi yake ndiyo hii."

Rahabu aliinuka na mtoto wake akaingia ndani. Evodia aliusikia mlango ukifungwa taratibu, na upole ule ulimuudhi kuliko kama angeubamiza.

*

Sifa ya siku ya tisa Evodia hakujitungia. Alipewa na mama mkwe wake, akaitangaza yule mama mpaka kanisani, na tangu hapo kila binti wa karibu akiolewa, Evodia huitwa kumkalisha chini na kumpa maneno. Huanza hapo hapo. Wanawake wanajua, na wengine humtangulia: "Siku ya tisa!" wakacheka, naye akacheka. Ndiyo ilikuwa heshima yake, kama mwingine anavyoheshimiwa kwa kusoma au kwa kuwa na ng'ombe wengi.

Jioni ya siku hiyo ya mchi alikwenda kwa shemeji yake Alute, mdogo wa marehemu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Alute ni mtu wa kunyamaza kwanza. Alimsikiliza mpaka mwisho huku anapukuchua mahindi ya mbegu.

"Sasa shemeji unataka nini?" aliuliza.

"Mimi nataka usalama wa mtoto. Mwanamke wa namna hii anaweza kufanya lolote."

Neno "lolote" lilipomtoka, Evodia alisikia kitu kimemgonga kifuani kwa ndani, kidogo tu, kama panya kwenye dari. Hakukijali.

Alute akampigia simu dada yake Eliza, anayeishi Mandewa, Singida mjini. Eliza hakuwahi kujaliwa mtoto, na hakuchelewa kujibu. Angekuja Jumamosi, na kama ukoo ukikubali, angeondoka na Isaka siku hiyo hiyo akamlee kwa maziwa ya kopo. Rahabu angerudishwa kwao.

"Lakini kwanza apelekwe zahanati," Alute alisema. "Kama ni ugonjwa, tujue. Kama ni ubaya, tujue. Sitaki kesho ndugu zake waje kuniuliza mbona tulimfukuza mgonjwa. Na wewe ndiye wa kumpeleka, shemeji, maana wewe ndiye uliyeona."

Amosi, mwenye mke, aliambiwa aliporudi kutoka mashineni, nguo zake zinanuka mashudu. Alikaa kwenye kigoda akavua viatu, akakung'uta kimoja, akakung'uta cha pili.

"Mama, Rahabu si mchawi," alisema.

"Mchi ulitembea wenyewe?"

Amosi alivipanga viatu ukutani. Ni mtu mpole, na tangu utoto alizoea kwamba mama yake hakosei.

*

Alhamisi walikwenda zahanati, Rahabu mbele na mtoto mgongoni, Evodia nyuma na mfuko wa nepi. Upepo wa mwezi wa saba ulikuwa unapiga vumbi usoni, na kila mmoja alijifunika kanga mpaka puani, kwa hiyo kutozungumza kwao hakukuonekana.

Nesi aliitwa Aneth. Alikuwa binti mdogo tu, umri wa kuwa mjukuu wa mtu, na alipoinuka kusema "Shikamoo bibi" Evodia alijisikia vizuri. Huyu atanisikiliza, aliwaza. Akaitikia marahaba, akaketi kwenye benchi lililo ukutani, akaanza kueleza habari ya furushi bila kuombwa. Nesi alimwacha amalize.

"Asante bibi. Sasa naomba nimsikie na mwenyewe. Rahabu, bibi atoke au akae?"

"Akae," Rahabu alisema. "Akitoka atasema nimemsengenya."

Nesi alitabasamu kidogo. Alimpokea Isaka, akamlaza kwenye mzani, akaandika kwenye kadi. Anakua vizuri, alisema. Huku bado anaandika, kama mtu anayeuliza habari ya mvua, akasema, "Mchi uliuficha kwa nini?"

Rahabu akaanza kusema, macho yake yako sakafuni.

"Naogopa kuwa karibu nao. Nikiuona mchi, na mtoto yupo, inakuja picha. Namwona mtoto kwenye kinu. Naona mikono inainua mchi. Mikono ni yangu, nesi, naitambua mpaka hili kovu la kuungua, lakini si mimi niliyeituma. Kisu vile vile. Panga vile vile. Mimi sitaki. Mimi nampenda mwanangu mpaka nasikia kuumwa. Lakini picha inakuja, nikiifukuza inarudi kali zaidi. Usiku silali, nakaa naangalia kama anapumua. Nikaona nivitoe vitu nyumbani. Nivipeleke mbali, ili kama mikono ikishindwa kujizuia, isikute kitu."

Evodia aligeuza uso ukutani. Palikuwa na bango la chanjo. Alilisoma kuanzia juu mpaka chini, wiki ya sita, wiki ya kumi, wiki ya kumi na nne, na hakuna neno hata moja lililoingia. Kisogo chake kilikuwa kimepoa kama kimewekewa kitambaa cha maji.

Mikono ni yangu, naitambua.

"Kuna sauti inayokuambia fanya?" nesi aliuliza.

"Hapana. Hakuna sauti. Picha tu. Na aibu."

"Ulishawahi kumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Nikisema, si watamchukua?"

Nesi Aneth aliweka kalamu chini. Alisema wamama wengi waliojifungua hupata mambo hayo, wengi kuliko tunavyofikiri, ila wanaosema ni wachache, kwa sababu hiyo hiyo aliyoitaja Rahabu. Alisema anayeogopa picha hizo hivyo, akazikimbia na kuficha vitu, huyo anamlinda mtoto wake. Ni ugonjwa na unatibika. Ataandika barua waende hospitali ya wilaya Jumatatu, kuna daktari anayeshughulika na mambo ya akili. Mpaka hapo Rahabu asiachwe peke yake na mzigo wote, asaidiwe kulala, na mtoto akae karibu na mama yake, lakini awepo na mtu mwingine.

"Bibi," nesi akamgeukia Evodia, "wewe umekaa na wazazi wengi. Uliwahi kuona kitu kama hiki, au kusikia?"

Swali lilikuwa jepesi. Lilikuwa mlango umefunguliwa, mtu hahitaji hata kuinama apite.

"Mimi?" Evodia alisema. "Sijawahi kuona kitu kama hicho maisha yangu yote."

Rahabu hakumtazama. Alikuwa anamfunga mtoto mgongoni, na fundo alilikaza mara mbili.

*

Sasa ni lazima ielezwe habari ya kisima.

Mwaka aliozaliwa Amosi, maji ya Misigiri ile yalikuwa ya kisima kirefu kilichochimbwa kwa mkono, chini kule mbugani. Mdomoni yalilazwa magogo manne. Mchotaji husimama juu ya magogo, miguu imeachana, akatupa ndoo kwa kamba, na kati ya gogo na gogo unaona maji kule chini yanang'aa kama jicho. Wenye watoto huchota na mtoto mgongoni, kila mtu, hakuna aliyeona ajabu.

Siku ya nane baada ya kujifungua, mama mkwe alimwambia Evodia akajaribu ndoo moja ndogo. Alimfunga Amosi mgongoni akaenda. Alisimama juu ya magogo, akainama kutupa ndoo. Ndipo alipoiona mikono yake mwenyewe inapanda kifuani, inafungua fundo la kanga. Alimwona mtoto akiteleza, akasikia hata mlio wa maji. Mikono yake ya kweli ilikuwa kwenye kamba, haikusogea. Lakini alikuwa ameona. Alirudi nyumbani anakimbia na ndoo tupu, akasema kuna nyoka.

Siku ya tisa aliondoka kabla jua halijachomoza, ndoo kichwani, mtoto kamwacha kwa bibi yake. Akaenda tena mchana. Akaenda tena jioni. Akaenda kila siku, safari tano, safari saba, akijaza mitungi ya nyumba ile mpaka akawajazia na majirani, kwa sababu akiwa kisimani mtoto hayupo kisimani, na akiwa na ndoo kichwani hakuna wa kumwambia mpokee mtoto. Kumnyonyesha alimnyonyesha akiwa amekaa mlangoni, mahali ambapo watu wanamwona; kulala, mtoto alilala kwa bibi yake, akazoea huko hata alipokua. Iliendelea hivyo mpaka mtoto akaanza kutambaa, halafu picha zikapungua zenyewe, zikaisha, na Evodia hakuzitaja kwa mtu. Mama mkwe alitamba kanisani: mkwe wangu ni chuma. Evodia aliipokea sifa. Aliipokea, akaivaa, na baada ya miaka kadhaa akasahau ilishonwa kwa kitambaa gani.

Au hakusahau. Hilo ndilo lililomsumbua njiani kutoka zahanati, akiangalia visigino vya Rahabu mbele yake, vimepasuka, vinakwenda upesi. Aliposema "anaweza kufanya lolote", nani alimwambia kuhusu hilo lolote? Alilitoa wapi?

Ijumaa alikwenda tena kwa Alute. Alijipa moyo kwamba kuna njia ya katikati.

"Shemeji, naona tuliache. Nesi amesema ni ugonjwa tu. Eliza asisumbuke kuja."

Alute alimtazama. "Jumatatu ulikuja hapa unawaka kama kibatari kimemwagika. Leo tuliache. Nesi kakupa dawa na wewe?"

"Nimefikiri tu."

"Umefikiri nini? Nieleze, niwaeleze wengine. Ulilitangaza mbele ya watu, shemeji. Siwezi kulifuta kwa sababu umefikiri tu."

Evodia alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yamepanga mstari. Yalipofika kwenye meno alimwona Alute mtoto wa miaka kumi na sita, siku zile, akimpokea ndoo pale uani na kumwambia "shemeji, wewe ni jembe". Akafunga mdomo. Akasema ng'ombe wake anaumwa jicho, akaaga.

*

Jumamosi Eliza alishuka kwenye gari la Singida saa nne, na mfuko wa plastiki wenye chupa mbili za kunyonyeshea mtoto, mpya, bado ziko kwenye boksi, na kofia ya sufu ya rangi ya maziwa. Alimbeba Isaka papo hapo, akamnusa shingoni. "Kaka yangu huyu," alisema, kwa sababu ya lile jina. "Kaka, umekuwa mwepesi! Wanakulisha upepo?"

Walikaa chini ya paa la mabati mbele ya nyumba: Alute kwenye kiti, Eliza na Evodia kwenye mkeka, Amosi ukutani, na Rahabu pembeni kabisa, karibu na mlango, mikono yake imelala mapajani haina mtoto. Redempta alikuwa ng'ambo ya minyaa, anachambua maharage yaleyale tangu asubuhi.

Alute alimwomba Amosi asome barua ya nesi. Amosi alisoma taratibu, akikwama mahali. Ilisema Rahabu anapata mawazo yanayojirudia ya mtoto kudhurika, hayataki, yanamtisha, hajamdhuru mtoto, anahitaji matibabu na kusaidiwa.

"Nimesikia vizuri?" Eliza alisema. "Mwenyewe kakiri kwamba anawaza kumuua mtoto?"

"Shangazi, haijasema hivyo," Amosi alisema.

"Imesemaje? Soma tena. Mawazo ya mtoto kudhurika. Kudhurika na nani, na mvua?" Alimgeukia Rahabu. "Mimi sikuchukii, binti. Lakini niambie hapa mbele ya wakubwa. Ni kweli au si kweli unaona hayo?"

Rahabu alisema kitu ambacho hakikusikika.

"Sema kwa sauti."

"Ni kweli, shangazi."

"Mungu wangu." Eliza alimkumbatia Isaka kwa nguvu, mtoto akaanza kulia. Matiti ya Rahabu yalimsikia mtoto. Gauni likalowa kifuani pande zote mbili, naye akavuta kanga upesi kujificha. Evodia aliliona hilo. Angependa kutoliona.

"Kaka Alute, unangoja nini tena?" Eliza aliendelea. "Nyumba hii haikuwa hivi. Yupo hapa Mama Amosi, shahidi. Siku ya tisa alikuwa kisimani, mama yetu alitusimulia mpaka anakufa. Wifi, mwambie huyu binti mzazi anakuwaje. Mwambie."

Wote walimtazama. Hata Redempta aliacha maharage.

Evodia alijua afanye nini ili mambo yaishe. Anyamaze tu. Akinyamaza, kufika saa nane Eliza atakuwa barabarani na mtoto, Rahabu atakuwa anafunga nguo zake, na yeye atabaki na jina lake kama lilivyo. Hakuna aliye hai anayejua. Alitazama mikono yake. Ilikuwa imeshikana yenyewe.

"Siku ya tisa nilikwenda kisimani," alisema. "Kweli nilikwenda."

"Ehee," Eliza alisema.

"Nilikwenda kwa sababu siku ya nane nilikwenda naye mgongoni, nikaona namtupa."

Alute alisogeza kiti. "Nani?"

"Huyo." Hakuweza kutaja jina. Alionyesha kwa kidevu ukutani, alikoegemea Amosi. "Nilisimama kwenye magogo nikaona mikono yangu inafungua kanga. Sikufungua. Lakini niliona, na nikasikia maji. Nikakimbia. Nikamwambia mama kuna nyoka. Hapakuwa na nyoka. Kesho yake na siku zote nilimwacha nyumbani, nikawa nachota maji kama kichaa ili nisikae naye peke yangu. Mkasema hodari. Mama alisema ni chuma. Nilikuwa naogopa mikono yangu. Kama huyu. Yale aliyomwambia nesi, nilikuwa nimekaa pale, ni maneno yangu. Hata moja halijapungua. Nesi akaniuliza, nikakataa."

Sauti yake ilikuwa imeshuka, na mwisho aliimalizia kwenye kanga. Machozi hayakuja. Uso ulikuwa unamchoma kama mtu aliyeinamia jiko muda mrefu.

"Unasema hivyo kumtetea," Eliza alisema, lakini taratibu.

"Wifi, kuna mtu anajisingizia jambo kama hilo?"

Isaka alikuwa analia bado. Eliza alimtazama mtoto, akatazama kanga iliyolowa ya Rahabu, akainama akamlaza mtoto mapajani mwa Rahabu. Halafu alikwenda kusimama mbali, karibu na banda la kuku, mgongo umewageukia. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na Evodia alitambua kwamba huyu naye alikuwa na lake, na kwamba mwenye kumpa tumaini la mtoto tangu Jumatatu alikuwa yeye, Evodia, kwa mchi wake.

Alute alikohoa. "Ilikwisha vipi?"

"Ilikwisha yenyewe. Ilichukua karibu mwaka."

"Na kaka alijua?"

"Hakuna aliyejua."

Alute akasema mtoto anabaki kwa mama yake. Jumatatu waende hospitali kama barua ilivyoandikwa. Na habari ya mchi, aliyeitangaza mbele ya watu aifute mbele ya watu wale wale. Evodia aliitikia kwa kichwa. Ng'ambo ya minyaa, Redempta alisema peke yake lakini wakasikia, "Mimi nimeshafutiwa. Wengine nitawapelekea."

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wangecheka.

Amosi alisimama. Ni mtu mzima, ana ndevu, mikono imejaa mikwaruzo ya mashine. Alimpita mama yake akaenda mpaka kwenye mtungi, akachota kikombe, akanywa. Alirudi akasimama mbele yake.

"Mama, ndiyo maana nilikuwa nalala kwa bibi?"

"Ndiyo."

"Nilidhani bibi alinipenda sana."

"Alikupenda sana. Na mimi nilikupenda. Nilikupenda kwa mbali, mwanangu, nilikuwa sijui namna nyingine."

Amosi aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea maelekezo ya njia asiyoijua. Alikwenda kukaa chini karibu na mke wake, mabega yao yamegusana, na hakumtazama mama yake tena siku hiyo.

Rahabu alingoja mtoto ashibe. Alimhamishia upande wa pili. Kisha akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya:

"Mama, siku ile ulipovitoa vile vitu mbele ya watu, ulikuwa unajua?"

Evodia alitaka kusema hapana. Hapana ingekuwa karibu na kweli. Alifikiria lile neno lolote, na panya wa kwenye dari.

"Nafikiri nilijua," alisema. "Nafikiri ndiyo maana nilipiga kelele."

"Nimesikia," Rahabu alisema. Hakusema yameisha. Hakusema si kitu, mama, kama mkwe anavyopaswa kusema.

Alute aliuliza nani atamsindikiza hospitali. Rahabu alisema atampigia simu mama yake mzazi, aje kesho baada ya ibada.

"Ni sawa," Evodia alisema. Aliona amestahili. Alianza kukusanya vikombe vya chai ambavyo hakuna aliyevigusa.

"Lakini na Mama Amosi aje," Rahabu aliongeza, macho yake kwa mtoto. "Daktari atauliza inakuwaje mtu akipona. Mimi sijui. Yeye ndiye aliyefika huko."

Vikombe viligongana mikononi mwa Evodia. Kwa hiyo atalisema tena, mbele ya daktari, mbele ya mama mzazi wa Rahabu ambaye walikuwa wakiitana mkwe kwa heshima, na nani ajuaye wangapi wengine watakuwa wamekaa kwenye benchi. Alitaka kusema ana alizeti haijapigwa. Aliweka vikombe kwenye sinia, kimoja kimoja, mpaka sauti ikarudi.

"Gari la kwanza la kwenda huko," aliuliza, "siku hizi linapita saa ngapi?"